Intaneti imefika Wamagana, lakini paswadi ya shosho bado iko saiba

Wacha nikuulize swali moja kabla bando yako haijaisha. Akaunti ya eCitizen ya mama yako, paswadi yake anaijua nani? Si wewe. Pengine hata si yeye. Kuna uwezekano mkubwa kwamba anayeijua ni kijana wa saiba, yule anayekaa na kompyuta tatu na mashine moja ya fotokopi, na ameiandika katika daftari ambalo hulala hapo hapo dukani.

Kama umecheka, basi unajua ninachosema. Ukiwa Nairobi, Karatina, Nanyuki au Nyeri mjini, mambo ni yale yale. Mimi nitaongea kutoka hapa Wamagana, Tetu, kwa sababu hapa ndipo ninapoyaona kila siku. Sitajifanya mtaalamu wa mitambo. Chuo nilikiacha mwaka wa pili karo ilipokwama, na tangu hapo nimekuwa nikiandika blogu na kushika zamu katika saiba za watu. Ninachokijua nimekijua kwa kuangalia skrini, na kwa kumwangalia mtu aliyesimama nyuma yangu akingoja nimwambie kama "imekubali".

Watu wakizungumzia jinsi intaneti ilivyoendelea, hutaja kasi. Tulikuwa hapa, sasa tuko pale, kesho itakuwa kasi zaidi. Sawa, kasi ni kitu kizuri. Lakini hata mto Gura una kasi, na shamba lililo juu mlimani halilowi kwa sababu mto unakimbia bondeni. Linalowa mtu akivuta bomba. Leo nataka tuongee kuhusu bomba, na kuhusu nani ameshika mfereji.

Turudi nyuma kidogo. Wengi wetu tulizaliwa intaneti ikiwa tayari imeingia Kenya, ndiyo maana tunadhani imekuwapo siku zote kama mvua ya Aprili. Haikuwa hivyo. Intaneti kamili iliingia nchini mwaka wa 1995, na waliokuwa wakiiuza walikuwa kampuni chache za Nairobi. Mojawapo ilikuwa Africa Online, iliyoanzishwa na Wakenya watatu waliokuwa wamesoma Marekani. Wakati huo laini zote za simu zilikuwa mikononi mwa shirika moja la serikali, KPTC, lile lile lililokuwa likiuza stempu na kusambaza barua. Ukitaka kupita, unapita kwake, na unapita kwa bei yake.

Kompyuta ilikuwa inapiga simu, kihalisi. Modemu inalia kama redio iliyopoteza stesheni, kisha unangoja. Mtu mwingine nyumbani akiinua simu ya mezani, laini inakatika na unaanza upya. Modemu nzuri kabisa za laini hizo ziliishia kilobiti 56 kwa sekunde. Fanya hesabu. Wimbo mmoja wa megabaiti 4 ungechukua karibu dakika kumi, hata kama hakuna kilichoharibika njiani. Video ya megabaiti 100, ile unayomtumia rafiki yako bila kufikiria mara mbili, ingechukua karibu saa nne. Na muda wote huo simu inahesabu pesa.

Ujumbe ukishatoka kwa nyumba, ulielekea angani. Kenya haikuwa imeunganishwa na kebo yoyote ya intaneti ya baharini, kwa hivyo data ilipitia satelaiti, nyingine kupitia kituo cha Longonot kule Bonde la Ufa. Satelaiti hizo hukaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Swali lako linapanda huko, linashukia bara lingine, kisha jibu linapanda na kushuka tena. Karibu nusu sekunde inapotelea njiani kabla hata kompyuta ya upande ule haijafanya kazi yoyote. Bei nayo ilikuwa ya angani vile vile.

Sasa sikiza hii. Kampuni mbili za intaneti zilizo Nairobi, pengine kwenye barabara moja, zilipotaka kupitishiana ujumbe wa wateja wao, ujumbe huo ulisafiri hadi Marekani au Ulaya kisha ukarudi. Ni kama kutoka Wamagana kwenda Ihururu kwa kupitia Mombasa. Mnamo Novemba 2000 kampuni hizo zikaunda KIXP, kituo cha kubadilishana data humu humu nchini. Mwezi uliofuata, mdhibiti wa mawasiliano akakifunga, baada ya Telkom kulalamika kwamba kituo kinaingilia haki yake ya kipekee. Kikafunguliwa tena Februari 2002. Kwa zaidi ya mwaka mmoja, barua ya jirani ikarudia njia ya ng'ambo, na si kwa sababu mashine hazikuwepo. Mashine zilikuwepo na zilikuwa zimefanya kazi. Kilichokosekana ni ruhusa.

Shika hilo la ruhusa. Tutalirudia.

Baada ya hapo mambo yalienda haraka. Mwaka wa 2000 Safaricom na KenCell walianza kuuza laini za simu za mkononi kwa watu wa kawaida. Machi 2007 M-Pesa ikaingia. Juni 2009 Rais Mwai Kibaki, mwana wa Othaya hapa karibu, akazindua kebo ya TEAMS kule Mombasa, iliyotoka Fujairah katika Muungano wa Milki za Kiarabu. Julai mwaka huo huo SEACOM ikawashwa, na mwaka uliofuata EASSy. Data ikaacha kupanda angani, ikaanza kupita chini ya bahari ndani ya nyuzi nyembamba za kioo. Kufikia 2011 ungepata simu ya Android kwa chini ya Sh10,000. Desemba 2014 tukaona 4G, Oktoba 2022 wateja wakaanza kuuziwa 5G, na Julai 2023 Starlink ikaingia na satelaiti zinazozunguka karibu kilomita 550 tu juu ya vichwa vyetu. Kutoka 36,000 hadi 550! Manze, hiyo ni safari.

Na usidhani sisi wa Mlima Kenya tulikuwa watazamaji. Mwaka wa 2013, karibu na Nanyuki, Microsoft ilishirikiana na serikali na kampuni ya Indigo kwa mradi ulioitwa Mawingu. Walichukua masafa ya televisheni ambayo hayakuwa yakitumiwa na stesheni yoyote, wakayatumia kubeba intaneti, na mitambo ikaendeshwa kwa sola. Masafa hayo huenda mbali na hupenya miti na vilima kuliko Wi-Fi ya kawaida. Sehemu kama shule ya upili ya Gakawa na zahanati ya Burguret zikapata mtandao kabla ya mitaa mingine ya Nairobi kupata faiba. Leo Mawingu ni kampuni inayouza intaneti vijijini katika kaunti nyingi. Tukaona hata maputo: Julai 2020 maputo ya Loon yaliruka juu ya Kenya yakirusha 4G kwa ushirikiano na Telkom, na Januari 2021 wenyewe wakatangaza kwamba wanafunga.

Kwa hivyo ukiniuliza kama teknolojia imesonga, nitakuambia imesonga sana. Hapa Wamagana kuna mtandao. Unashuka bondeni unapotea kidogo, unapanda unarudi, lakini upo. Wasee wa boda wanatazama mpira kwa simu wakingoja abiria. Hilo la waya na minara, kwa sehemu kubwa, limefanyika.

Lakini angalia tena hadithi hiyo. Kila hatua kulikuwa na lango, na kulikuwa na mtu amesimama langoni. Mwaka wa 1995 langoni alisimama KPTC. Mwaka wa 2000 alisimama mdhibiti. Kabla ya 2009 ilikuwa bei ya satelaiti. Lango likifunguliwa, watu wa kawaida wanaingia kwa wingi na kufanya mambo ambayo hakuna aliyeyapanga. Swali ni hili: leo langoni amesimama nani?

Lango la juu tunalijua sisi vijana. Juni 25, 2024, siku ya maandamano ya Mswada wa Fedha, intaneti ilidorora nchini, siku moja tu baada ya Mamlaka ya Mawasiliano kusema haina nia ya kuizima. Kampuni zikasema ni hitilafu ya kebo za baharini. Hilo tumelijadili na tutazidi kulijadili. Mimi leo naongelea lango la chini, lile ambalo hakuna mtu anayeandamana kwa sababu yake.

Serikali imehamia mtandaoni, na ilipohama ilifunga mlango wa zamani nyuma yake. Ushuru uko iTax. Mkopo wa HELB unaombwa mtandaoni. Nafasi ya chuo iko KUCCPS, mtandaoni. Juni 2023 tulitangaziwa kwamba huduma zaidi ya 5,000 zimewekwa eCitizen. Oktoba 1, 2024, SHA ikachukua nafasi ya NHIF, na kila Mkenya akaambiwa ajisajili upya. Kwa mtu wa Nairobi aliye na simu nzuri, hii ni raha. Hakuna foleni, hakuna kumbembeleza karani.

Kwa mama wa miaka sitini anayechuma majani chai hapa Tetu, ni hadithi nyingine. Anaingia saiba na kitambulisho chake. Kijana anamuuliza, "Mathe, uko na imeli?" Hana. Kijana anamfungulia moja. Paswadi anaichagua kijana, na mara nyingi ni ile ile anayowapa wateja wote, jina na namba tatu mbele. Nambari ya simu? Kama mama ameacha simu nyumbani ikichaji, kijana anaweka yake ili nambari ya kuthibitisha iingie haraka, kwa sababu kuna watu wanne kwenye foleni. Anabonyeza, anachapisha karatasi, mama analipa mia mbili na kuondoka akishukuru. Amehudumiwa. Lakini kuanzia dakika hiyo, mbele ya serikali, mama huyo ni nambari ya simu ya mtu mwingine.

Miaka miwili baadaye anarudi kwa shida nyingine. Saiba ilishafungwa, pale pamekuwa duka la kuuza dawa za mifugo. Kijana alienda Qatar. Ukijaribu kumfungulia akaunti mpya, mtambo unakwambia kitambulisho hiki tayari kimesajiliwa. Ukijaribu kurudisha paswadi, nambari ya kuthibitisha inatumwa kwa laini iliyozimwa. Nimemwona guka mmoja akiambiwa hivyo hapa hapa. Alitazama ile skrini kwa muda, kisha akauliza kwa Kikuyu, kwa upole kabisa: "Sasa mimi ni nani humo ndani?" Tukamwelekeza apande matatu aende Huduma Centre, Nyeri mjini. Nauli ya kwenda na kurudi, siku nzima imekwisha, kwa sababu ya nambari moja ya simu.

Na hiyo ndiyo shida ndogo. Kubwa ni kwamba paswadi ile ile moja inafungua mambo mengi. Ndani ya eCitizen kuna pasipoti, kuna leseni ya kuendesha gari, kuna usajili wa biashara. Kila mwaka kitu kingine kinaongezwa humo. Kuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019, na kuna ofisi nzima ya kuisimamia. Lakini sheria hiyo haijafika kwenye daftari lililo chini ya kaunta, lenye majina, nambari za vitambulisho na paswadi za nusu ya kijiji, ambalo mtoto wa mwenye duka analichorea katuni.

Sitaki unielewe vibaya. Sisemi vijana wa saiba ni wezi. Wengi wao ni watu wa maana sana. Ndio maofisa wa serikali ambao serikali haiwalipi. Wanasoma fomu za Kiingereza wanazieleza kwa Kikuyu, wanamtuliza mtu aliyekataliwa mara tatu na mtambo, wanafanya kazi hadi usiku Juni 30 inapokaribia. Bila wao, kijiji kizima kingekuwa nje ya orodha. Ni kazi, inalisha watu, na mimi mwenyewe imenilisha. Shida ni kwamba kazi yao imekuwa kumfanyia mtu kila kitu, badala ya kumfungulia njia.

Najua utaniambia nini. Utaniambia wazee hawawezi. Shosho hajui hata kufungua kufuli ya simu, utamfundisha paswadi aje?

Hapo ndipo ninapokupinga, na shahidi wangu ni shosho mwenyewe. Mwambie akupe PIN yake ya M-Pesa. Jaribu leo jioni. Atakuangalia kama mtu anayetaka kuuza shamba lake. Shosho huyo huyo aliyempa kijana wa saiba kitambulisho, picha, jina la mamake na paswadi, hatakutajia tarakimu nne za PIN hata umbembeleze namna gani. Anageuza mgongo, anafunika simu kwa leso, anabonyeza polepole, na anajua kama pesa imeingia au haijaingia.

Alifundishwa na nani? Hakuenda chuo. Alifundishwa na jinsi kitu chenyewe kilivyoundwa. M-Pesa ilifanya kazi kwa kabambe, haikumtaka anunue simu janja. Ilimpa nafasi ya kuchagua Kiswahili. Wakala alikuwa mtu wa duka la karibu, mtu anayemjua. Na muhimu kuliko yote, wakala hana haja ya PIN yako. Anakuelekeza, anakungoja, anakuonyesha pa kubonyeza, lakini PIN unaiweka wewe, kwa simu yako, kwa kidole chako. Tangu siku ya kwanza aliambiwa neno moja na kila mtu, redioni, dukani, kwa watoto wake: usimwambie mtu. Matapeli wapo, tunajua, na wamewaliza wengi. Lakini lile somo liliingia.

Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka uione. Wakala wa M-Pesa anakuhudumia. Kijana wa saiba anakuwa wewe. Moja ilijenga mtu anayejua mali yake iko wapi. Nyingine imejenga mtu anayeuliza yeye ni nani humo ndani.

Kwa hivyo si umri. Na si ujinga. Ni kwamba hakuna aliyekaa chini akaamua kwamba mama wa Wamagana atajifanyia mwenyewe. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba kati ya Wakenya wa miaka mitatu na zaidi, asilimia 22.6 tu ndio waliokuwa wakitumia intaneti. Mijini ilikuwa asilimia 42.5, mashambani 13.7. Hiyo ilikuwa kabla ya korona, na bila shaka wengi wameingia tangu hapo. Lakini ona mwaka wenyewe: miaka kumi kamili baada ya kebo kufika Mombasa. Kebo ilikuwa imejaa data, na mtu wa kijijini bado alikuwa nje.

Na kabla hujajiona mjanja, wewe wa mjini, hebu niambie: returns zako za KRA mwaka huu alijaza nani? Najua wasee kibao waliofungua PIN ya KRA kwa sababu ya HELB au kwa sababu kazi fulani iliitisha, kisha wakasahau. Hawana kazi, hawana mapato, lakini sheria inataka wajaze hata kama ni sufuri. Wasipojaza, faini ni Sh2,000 kwa kila mwaka. Wengine wanagundua siku wanayoitishwa cheti cha kutii ushuru. Na paswadi ya iTax? Iko kwa saiba fulani karibu na chuo, na chuo chenyewe walishaondoka. Unaweza kupakia video tatu za TikTok kwa siku na bado uwe shosho mbele ya iTax.

Tufanye nini basi? Nitasema mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji satelaiti.

La kwanza ni la serikali. Tuliahidiwa vituo 1,450 vya teknolojia, kimoja kwa kila wadi, pamoja na kilomita 100,000 za faiba na sehemu 25,000 za Wi-Fi ya umma. Sawa. Lakini kituo kikifunguliwa, usitazame idadi ya kompyuta kwenye picha ya kukata utepe. Uliza kama kuna mtu anayelipwa kufundisha. Uliza kama kuna siku ya wazee, baada ya kuchuma chai, inayofundishwa kwa lugha wanayoielewa. Uliza ni huduma ngapi zinaweza kufanywa kwa kabambe, kama SHA ilivyoweka usajili kwa *147#. Kipimo kiwe idadi ya watu walioingia hawajui na wakatoka wanajua. Hapa kwetu Nyeri, pale Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kuna kiwanda cha semikondakta. Kaunti inayoweza kutengeneza vipande hivyo vidogo vya ndani ya mashine haiwezi kushindwa kumfundisha mama kubadilisha paswadi.

La pili ni la wenye saiba, na hapa naongea na watu wangu. Igeni wakala wa M-Pesa. Geuza kibodi imwelekee mteja, paswadi aiandike yeye, hata kama itachukua dakika tano na foleni inalia. Nambari ya simu iwe yake, na kama ameiacha nyumbani, aende aichukue. Mwandikie kwa karatasi yake, si kwa daftari lako. Daftari lile lichome. Na kama unaogopa utakosa wateja, fikiria tena: mtu akijua kwamba kwako anaondoka na akaunti yake mwenyewe, atakuletea jirani zake wote. Uza somo. Mia mbili ya kujaza fomu inaweza kuwa mia tatu ya kufundishwa kuijaza, na atakulipa kwa roho safi.

La tatu ni lako. Wewe ndiye mtu pekee katika familia yenu aliyekua na kitu hiki mkononi. Utakapopanda matatu kurudi nyumbani kwa shughuli yoyote, kwa harusi, kwa mazishi, kwa Krismasi, usiende tu kuwasha hotspot na kulala kwenye kochi. Kaa na mama. Muulize akaunti zake ziko wapi. Fungua eCitizen naye, angalia nambari ya simu iliyosajiliwa ni ya nani. Kama si yake, ibadilisheni. Kama imekwama, mpeleke Huduma Centre wewe mwenyewe, usimtume peke yake akapotee kwenye foleni. Halafu mwache aandike paswadi mpya kwa kidole chake, jambo ambalo yeye atalikumbuka na wewe hulijui. Geuza uso kama wakala anavyogeuza. Atakosea mara mbili. Ngoja. Wewe alikungoja miaka miwili ujue kutembea.

Ukimaliza kwa mama, nenda kwa guka. Ukimaliza kwa guka, kuna jirani.

Najua si kazi ya kupendeza. Haina likes. Hakuna mtu atakayekupigia makofi kwa sababu mama yako amejua kuingia SHA bila msaada. Lakini hizo kebo zote chini ya bahari, hiyo minara yote, hizo satelaiti zinazopita juu ya Nyandarua usiku kama nyota zilizojipanga, zililipiwa na mtu, na sehemu ya mtu huyo ni mama yako, kwa ushuru na kwa kila bando aliyonunua. Haifai akae nje ya lango akingoja kijana amwitie.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Intaneti imekaa kwetu zaidi ya miaka thelathini. Tumeikaribisha, tumeisifu, tumeipa kiti kizuri sebuleni. Sasa ipewe jembe, na ifanye kazi katika shamba la kila mtu aliye hapa, siyo la wale tu wanaojua kuizungumzia. Wikendi hii anza na paswadi moja.